Kutoka Tuta hadi Kihenge: Historia ya Kuhifadhi Viazi Vitamu Usukumani, Tanzania, tangu Karne ya 19

Kiazi kitamu ni zao lisilosubiri. Punje ya mtama ikikauka vizuri hukaa kihengeni misimu miwili au zaidi, lakini kiazi kikishang'olewa katika joto la Usukumani huanza kusinyaa baada ya siku chache, na wiki moja au mbili zikipita huwa kimeoza, kimechipua au kimepungua ladha. Takribani asilimia 70 ya uzito wake ni maji. Ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba msuguano wa kiazi kwa kiazi ndani ya gunia huichuna, na kila mchuno ni mlango wa maji kutoka na wa vimelea kuingia. Pamoja na udhaifu huo, zao hili limekuwa nguzo ya chakula katika eneo lote la kusini mwa Ziwa Viktoria, eneo ambalo mvua zake huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei, likiacha takribani nusu mwaka wa ukavu. Swali la kihistoria linalojitokeza ni jepesi kuuliza: watu waliokula kiazi katika miezi ya ukavu walikitoa wapi?

Historia ya Usukuma imeandikwa kwa wingi. Pamba, ng'ombe, vyama vya ushirika, mmomonyoko wa udongo na siasa za kudai uhuru vimepata vitabu na tasnifu. Kilichoandikwa kidogo ni kazi inayofanyika kati ya jembe na chungu, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Insha hii inajenga hoja kwamba ukaushaji wa viazi vitamu katika umbo la michembe na matobolwa haukuwa mbinu ya dharura ya watu wenye njaa, kama ulivyoelekea kutazamwa, bali ulikuwa teknolojia iliyoliingiza zao la mizizi katika utaratibu wa nafaka. Aidha, inadai kuwa tawala zilizofuatana zililitambua zao hili likiwa shambani tu, likipimwa kwa ekari, na kwamba kasoro hiyo ya mtazamo ndiyo inayoeleza kwa nini hifadhi yake iliachwa nje ya sera kwa muda mrefu.

Mwaka, udongo na kiazi

Kiazi kitamu asili yake ni Amerika ya kitropiki, na kuingia kwake Afrika huhusishwa na safari za Wareno baada ya mwaka 1500. Kufikia katikati ya karne ya 19 kilikuwa kimeshazoeleka katika bara la ndani. Richard Burton, aliyekaa Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, alikitaja miongoni mwa vyakula vya nchi hiyo. Mwenzake John Speke aliivuka Usukuma kuelekea kaskazini na kulifikia ziwa tarehe 3 Agosti 1858, yaani katikati ya kiangazi, baada ya mavuno. Kwa misafara ya aina hiyo chakula kilikuwa bidhaa ya kununuliwa njiani, na kijiji kilichoweza kuuza ni kile kilichokuwa na akiba.

Zao hili lilikuta mfumo wa kilimo uliokwisha kupangika. Wasukuma huainisha udongo wao kwa majina kufuata mteremko wa ardhi: juu, karibu na majabali ya matale, upo udongo wa kichanga uitwao luseni, katikati hupatikana itogolo, udongo wenye tabaka gumu, na bondeni upo udongo mweusi mzito wa mbuga. Uainishaji huu uliwavutia mno maofisa wa kilimo wa Kiingereza, na D. W. Malcolm aliupa nafasi katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu Usukuma. Luseni, ambao hauna rutuba nyingi lakini ni mwepesi kuchimba, ulifaa kwa viazi, muhogo na karanga. Mtama na uwele, vyakula vya zamani, viliendelea kushika ardhi bora. Kwa hiyo kiazi hakikumfukuza mtama. Kilichukua nafasi ambayo mtama haukuitaka, na kikachukua pia wakati ambao mtama haukuuhitaji, kwa kuwa marando yake yanaweza kupandwa mvua zikielekea ukingoni.

Ghala la kwanza la kiazi lilikuwa tuta lenyewe. Mwanamke huchokoa kwa kijiti au kwa ncha ya jembe, hutoa viazi vilivyokomaa, hufukia udongo na kuacha vidogo viendelee kukua. Utaratibu huu wa kuvuna kidogo kidogo huondoa kabisa tatizo la kuhifadhi, ilimradi udongo una unyevu. Tatizo huanza Juni. Ardhi ikikauka hupasuka, na katika nyufa hizo hupenya fukusi wa viazi, mdudu wa jenasi ya Cylas, ambaye hawezi kuchimba udongo mzima kufuata kiazi lakini hupita kwa urahisi palipo na ufa. Kiazi kilichotobolewa na fukusi huzalisha kemikali chungu za kujikinga, kiasi kwamba hata sehemu ambayo haikuguswa haiwezi kulika. Ndiyo maana tuta ni ghala zuri hadi mwezi Juni au Julai, kisha huwa mtego. Anayeacha viazi ardhini hadi Septemba hafanyi uvivu, kama ilivyodhaniwa na baadhi ya wageni. Amepungukiwa nguvu kazi ya kuvitoa na kuvikausha kwa wakati, na anajua atakachopoteza.

Michembe na matobolwa

Njia za kukausha ni mbili, na tofauti yake ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa michembe, viazi huachwa vinyauke kidogo baada ya kung'olewa, kisha humenywa, hukatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi na kuanikwa. Kwa matobolwa, viazi huchemshwa kwanza, ndipo humenywa, hukatwa na kuanikwa. Michembe hudai kisu na jua peke yake. Matobolwa hudai pia kuni, maji na chungu kikubwa, yaani kazi zaidi mbili ambazo nazo ni za wanawake, na hutoa chakula kilichokwisha kuiva, kinachoweza kutafunwa na mchungaji porini au msafiri njiani bila kuwasha moto. Michembe hurudishwa chunguni, ikachemshwa yenyewe au pamoja na karanga au maharage, au husagwa ikawa unga wa uji.

Majabali ya matale yaliyotapakaa kuanzia Mwanza hadi Shinyanga yamekuwa uwanja wa kuanikia. Jiwe hupokea joto mchana kutwa na kulirudisha kwenye vipande kutoka chini, huku upepo mkavu wa Juni hadi Agosti ukivuta maji kutoka juu. Katika hali hiyo siku chache zatosha. Mvua isiyotarajiwa, au umande uliopuuzwa, huleta ukungu na vipande hugeuka vyeusi. Kipimo cha ukavu si cha chombo chochote: kipande kikikunjwa ni lazima kivunjike kwa mlio. Kilo nne hivi za viazi vibichi hutoa kilo moja ya michembe, maana maganda huondoka na maji hushuka kutoka asilimia 70 hadi karibu asilimia 12. Hesabu hiyo inaeleza jambo ambalo takwimu za mavuno huficha. Kaya inayoweka kihengeni kilo 200 za michembe imeng'oa, imebeba, imemenya na kukata kilo 800 za viazi, na yote hayo katika wiki chache zilezile ambazo pamba, tangu ilipoingia, nayo ilitaka kuchumwa na kuchambuliwa.

Kihenge, kapu kubwa la fito lililosimamishwa juu ya mawe au magogo na kuezekwa nyasi, kilijengwa kwa ajili ya nafaka. Kilindo cha gome la mti nacho kilikuwa chombo cha punje. Kiazi kibichi hakiwezi kuwekwa katika kimojawapo: kingepumua, kingetoa joto, kingeoza na kuoza kwake kungeambukiza. Kiazi kilichokatwa na kukaushwa huwekwa humo bila kubadili chochote katika ujenzi wa chombo. Hapa ndipo ilipo nguvu ya hoja ya teknolojia. Wasukuma hawakubuni ghala jipya kwa ajili ya zao jipya, walilibadili zao hadi likalingana na ghala walilokuwa nalo. Michembe hukaa kihengeni miezi mitano au sita kabla wadudu wa ghalani hawajaizidi nguvu, na muda huo unafika Novemba na Desemba, wakati mvua mpya zimeanza, shamba linadai nguvu zote, na chakula cha mwaka uliopita kimekaribia kwisha.

Mbinu ya namna hii haikuwa ya Usukuma pekee. Wateso wa mashariki mwa Uganda hukausha vipande viitwavyo amukeke na viazi vilivyopondwa viitwavyo inginyo, ambavyo husagwa na kuchanganywa na unga wa mtama au muhogo. Teso, kama Usukuma, ni nchi ya nafaka na ng'ombe yenye kiangazi kikali. Kinyume chake, Waganda, wanaopata mvua misimu miwili, wamekula kiazi hasa kikiwa kibichi kutoka tuta. Kinachoamua si kabila wala kiwango cha maendeleo, bali urefu wa ukavu.

Ekari bila ghala

Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyopitishwa chini ya Gavana Donald Cameron, iliwapa watemi mamlaka ya kutoa amri juu ya mambo ya kilimo. Katika Usukuma, kama kwingineko Tanganyika, amri hizo zilitumika kuilazimisha kila kaya kulima mazao yaliyoitwa ya njaa, hasa muhogo na, kwa kiasi kidogo, viazi vitamu. Bwana shamba alipokuja kukagua, alikagua shamba. Alipima matuta kwa hatua, akahesabu mashina, akaandika faini. Kilichofuata baada ya zao kung'olewa hakikuwa na safu katika daftari lake.

Jina "mazao ya njaa" lenyewe lilikuwa na madhara. Liliyaweka mazao hayo katika fungu la bima, chakula cha kukimbilia nafaka ikikosekana, hali kaya za luseni zilikula michembe kila mwaka, mwaka wa neema na mwaka wa dhiki. Serikali iliyoamini kwamba kiazi ni cha dharura haikuwa na sababu ya kuuliza namna kinavyowekwa katika mwaka wa kawaida. Kwa upande mwingine haitakuwa haki kudai kwamba maofisa wote walikuwa vipofu. N. V. Rounce, ambaye kitabu chake cha mwaka 1949 kinahusu kilimo cha nyika za Majimbo ya Ziwa, Magharibi na Kati, alikuwa miongoni mwa walioifahamu vyema nchi na desturi zake za ukulima. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilikuwapo tangu miaka ya 1930. Ila kituo hicho kiliinuliwa na pamba, na pamba iliendelea kukiongoza.

Tofauti kati ya mazao haya mawili baada ya mavuno inastahili kutazamwa kwa makini. Kufikia miaka ya 1950 pamba ilikuwa na vituo vya kununulia, mizani, mabohari, viwanda vya kuchambulia na barabara za kuvifikia. Wakulima, wakiwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi, waliunda vyama vyao, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria likaanzishwa, Paul Bomani akiwa kiongozi wake maarufu. Mapambano makubwa ya kisiasa ya Usukuma yalikuwa, kwa kiasi kisicho kidogo, mapambano juu ya kinachotokea kwa zao likishatoka shambani: nani apime, nani ahifadhi, nani asafirishe. Kiazi hakikuwa na mapambano hayo kwa kuwa hakikuwa na mnunuzi wa kugombana naye. Kilipimwa kwa ungo na kuhifadhiwa na watu ambao hawakuketi katika mikutano ya ushirika.

Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza baada ya Vita Kuu ya Pili, uliongeza shinikizo kwa amri za matuta, za kupunguza mifugo na za ekari za chini kabisa kwa kila kaya. Amri hizo zilichukiwa, na maandamano ya Geita ya mwaka 1958 yalionyesha kwamba mamlaka ya watemi kuzitekeleza yalikuwa yamekwisha. Kuna kinaya katika habari hiyo. Matuta, yaliyolazimishwa kwa ajili ya pamba na kuhifadhi udongo, yalikuwa ndiyo namna ya siku zote ya kupanda viazi. Watu hawakulikataa tuta. Walikataa kuamriwa mahali, idadi na wakati wa kulipiga, wakati kalenda yao ya kazi ilikuwa imejaa.

Vijiji, dumuzi na gunia

Amri ya Novemba 1973 iliyotaka Watanzania wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976 ilitekelezwa kwa kasi Mwanza na Shinyanga mwaka 1974. Nyumba zilihamishwa, mashamba mengi yakabaki yalipokuwa. Athari kwa kiazi inaeleweka ukizingatia namna kilivyotunzwa: kuchokoa kunategemea tuta lililo hatua chache kutoka jikoni, na kuanika kunategemea jabali lililo machoni pa mtu anayeweza kukimbia mawingu yakitanda. Umbali huongeza wizi na wanyama, na humfanya mwanamke avune kwa mkupuo mmoja. Vihenge vilivyobomolewa katika kuhama navyo havikujengwa upya kwa siku moja. Katika miaka hiyohiyo dola ilijenga maghala, lakini yalikuwa ya nafaka. Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua mahindi, mtama na hata makopa ya muhogo, na akiba ya taifa ikahesabiwa kwa magunia ya punje.

Pigo lililofuata lilitoka kwa mdudu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora, jirani wa kusini wa Wasukuma, waliona mbawakavu mgeni akigeuza mahindi kuwa vumbi. Mwaka 1981 alitambuliwa rasmi kuwa Prostephanus truncatus, mwenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuthibitishwa kuenea kwake Afrika. Watu walimwita dumuzi, na wengine skania, kwa jina la malori. Tofauti na fukusi wa kawaida, dumuzi hutoboa mbao, hivyo huweza kula fito za kihenge pamoja na kilichomo. Makopa na vipande vya viazi vilivyokauka humfaa kama mahindi. Ushauri wa serikali ulikuwa kupukuchua mahindi badala ya kuyahifadhi na magunzi, kisha kuyachanganya na dawa ya unga. Ushauri huo ulisaidia sana. Lakini ulitungwa kwa ajili ya punje, na kwa mwenye michembe haukuwa na jibu isipokuwa kula mapema, kuanika tena na kupepeta.

Kadiri Mwanza ilivyokua, kiazi kibichi kilipata kile kilichokosa zamani: soko. Hapo mkondo wa hasara ukahama kutoka kihengeni kwenda barabarani na ziwani. Tafiti zilizofanywa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania na wa Taasisi ya Maliasili ya Uingereza zilifuata magunia kutoka shamba hadi sokoni. Zilionyesha kuwa viazi husafirishwa katika magunia ya kilo 100 na zaidi, yaliyoshonewa kilemba juu, na kwamba kuchunika na kuvunjika hutokea hasa wakati wa kupakia na kupakua, gunia linapodondoshwa kwa kuwa hakuna mtu awezaye kulitua taratibu. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi, ikitegemea Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na hoja yake imekuwa kwamba mkulima anapunjwa. Hoja hiyo ni ya kweli lakini ni nusu. Lumbesa hupunja mara mbili, kwanza kwa kumnyima mkulima bei ya kilo zilizozidi, kisha kwa kuharibu kiazi chenyewe, hasara ambayo mnunuzi huitarajia na kuikata mapema katika bei ya shambani.

Utafiti huo pia ulitoa mbinu zisizo za gharama. Kiazi kilichojeruhiwa huponya jeraha lake kikiwekwa siku kadhaa katika joto la nyuzi 30 hivi na unyevu mwingi, na sehemu ya uponyaji huo inaweza kufanyika kikiwa bado ardhini: marando yakikatwa wiki moja au mbili kabla ya kung'oa, ngozi hukomaa na kuwa ngumu. Mashimo yenye kivuli na nyasi yalijaribiwa pamoja na wakulima, na viazi visivyo na majeraha vilikaa humo kwa muda wa miezi badala ya siku. Masharti yalikuwa magumu, kwani kiazi kimoja kilichotobolewa na fukusi kikiingia shimoni huweza kuharibu vingi. Uchaguzi makini wa aina hiyo huhitaji kuvuna kwa mkono mwepesi na bila haraka, na haraka ndiyo iliyokuwa hali ya kila Juni.

Kiazi cha rangi ya chungwa

Kuanzia miaka ya 2000, viazi vya nyama ya rangi ya chungwa vilisambazwa Kanda ya Ziwa kwa lengo la kupunguza upungufu wa vitamini A kwa watoto. Viazi vya asili vya Usukuma, vyeupe au vya manjano hafifu, vina karotini kidogo sana, na kwa mara ya kwanza taasisi za afya zilikuwa na sababu ya kujali kiazi. Mashaka ya wataalamu yalielekezwa moja kwa moja kwenye jabali: iliaminika kwamba jua kali huteketeza karotini, hivyo ikapendekezwa mitambo ya kukaushia yenye vifuniko. Vipimo vilivyofanywa Uganda na Msumbiji vilitoa picha nyingine. Ukaushaji wa juani, ukifanywa kwa vipande vyembamba na kwa siku chache, hupoteza sehemu tu ya karotini. Sehemu kubwa hupotea baadaye, katika miezi ya kukaa ghalani, kwa hewa na joto, na baada ya miezi minne kinachobaki ni kidogo.

Matokeo hayo yanarudisha uchunguzi mahali ambapo amri ya mwaka 1926 na daftari la bwana shamba havikufika, yaani ndani ya kihenge. Yanaonyesha pia kwamba njia mbili za zamani hazikuwa sawa machoni pa waliozitumia, na huenda zisiwe sawa kwa lishe. Aliyechagua kuchemsha kabla ya kuanika alitumia kuni na maji ili kupata chakula cha aina nyingine, na aliyekula matobolwa Julai huku akiiacha michembe hadi Desemba alikuwa na mpango wa matumizi wenye tarehe zake. Mradi unaopeleka marando mapya bila kuuliza ni nani atakayemenya, lini, na vipande vitaliwa mwezi gani, hupeleka karotini itakayofika Desemba ikiwa imekwisha, wakati mtoto anaihitaji zaidi na mama yake yuko shambani tangu alfajiri akipiga matuta ya msimu unaofuata.